Ardhi Tupu ni Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Ramani za Setilaiti katika Bonde la Kilombero

Utangulizi

Mwezi wa Oktoba, wakati bonde la Kilombero limekauka na vumbi limetanda barabarani, tulikaa siku chache mjini Ifakara kwa kazi ya kukusanya maneno ya kilimo cha mpunga. Katika ofisi moja tuliyoingia palitundikwa ramani kubwa ukutani, iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti na kuandikwa yote kwa Kiswahili. Tulifurahi kuiona, kwa maana si mara nyingi mambo ya utaalamu wa namna ile huandikwa kwa lugha ya taifa. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga, aliyekuwa akingoja zamu yake katika ofisi hiyo, alituomba tumwonyeshe mahali shamba lake lilipo. Tulifuata mto, tukafuata barabara, hata tukapapata. Kisha tukamsomea maana ya rangi ya mahali pale kama ilivyoandikwa katika ufunguo wa ramani: "Ardhi tupu". Mzee alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Wanangu, tupu kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule. Hatukusudii kuwashutumu wataalamu wa setilaiti, ambao kazi yao tunaiheshimu na tunaihitaji. Tunachokusudia kuonyesha ni kwamba kati ya chombo kilichoko angani na mwananchi aliyeko shambani kuna daraja moja tu, nalo ni neno. Picha ya setilaiti haina maneno. Maneno hutiwa na watu, na yanapotiwa vibaya, kipimo kilicho sahihi kabisa huweza kugeuka kuwa hukumu isiyo ya haki.

Bonde na picha zake

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Masika yanapokolea, mto hufurika na kulifunika eneo kubwa la bonde. Kiangazi maji hurudi mtoni na majani ya nyanda hukauka. Mwaka 2002 eneo la mafuriko la bonde hili, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini huko Iran mwaka 1971. Ndiyo makao makubwa ya sheshe, mnyama wa jamii ya swala apendaye majani ya kando ya maji, ambaye idadi yake bondeni imepungua sana katika miongo ya karibuni. Ndilo pia bonde la mpunga, la miwa ya Kidatu, la mashamba ya misaji, la wavuvi wa Kindamba na la wafugaji waliotoka mikoa mingine. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji hutoka Kilombero, na kwa hiyo hata Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115 za umeme, linategemea kinachotendeka katika bonde hili.

Haishangazi basi kwamba bonde hili linatazamwa sana kutoka angani. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwezi wa Julai 1972, na tangu mwaka huo dunia imekuwa ikiweka akiba ya picha za ardhi. Mwaka 2008 picha za Landsat zilianza kutolewa bila malipo. Nchi za Ulaya nazo zilirusha Sentinel-1 mwaka 2014 na Sentinel-2 mwaka 2015. Hii ya pili hutumia mwanga wa jua kama kamera. Ile ya kwanza hutumia rada, nayo huweza kuyatambua maji ya mafuriko hata wakati mawingu ya masika yamelifunika bonde lote. Watafiti wa vyuo vikuu, wa hapa nchini na wa nje, wamezitumia picha hizo kufuatilia jinsi nyanda za majani na miombo zilivyogeuka mashamba katika muda wa nusu karne. Bila picha hizo tungekuwa na kumbukumbu za wazee na hesabu za miaka michache tu. Faida hiyo hatuikatai. Tunauliza tu: tumeipa maneno gani?

Kuona, kuhisi na kutambua

Tuanze na jina la elimu yenyewe. Waandishi wengi huiita "kuhisi kwa mbali". Tafsiri hii imefuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua, lakini haikutazama maana ya kuhisi katika vinywa vya watu. Mtu asemaye "nahisi" aghlabu hukusudia kwamba hana hakika, au kwamba anashuku. Mwananchi akiambiwa kwamba serikali imehisi kwa mbali kuwa msitu wa kijiji chake umepungua, ana haki ya kudhani kwamba ametiliwa shaka na mtu asiyemfahamu.

Wengine wamependekeza "upimaji wa mbali". Hili linapotosha kwa namna nyingine, kwa sababu katika nchi yetu kupima ardhi ni kuweka mipaka na mawe, na nyuma yake zipo hati. Mkulima asikiapo kwamba ardhi yake imepimwa kutoka angani atauliza hati yake iko wapi.

Kwa maoni yetu neno linalofaa ni "utambuzi wa mbali". Mswahili husema, "Nilimtambua kwa mbali kwa mwendo wake." Katika sentensi hiyo yamo yote tunayoyataka: kuna umbali, kuna alama inayotazamwa, kuna mtu anayeamua, na kuna uwezekano wa kukosea. Chombo cha angani hakitambui kitu. Hupokea mwanga unaorudi kutoka ardhini na kuugeuza kuwa namba. Anayetambua kwamba namba hizi ni mpunga na zile ni matete ni binadamu, au ni kompyuta iliyofundishwa na binadamu. Kwa sababu hiyo pia tunawasihi waandishi waache kuziita namba hizo "takwimu". Takwimu ni hesabu zilizokwisha kukusanywa na kupangwa. Hizo za setilaiti, kabla hazijafasiriwa, ni data.

Punje na "azimio"

Katika ripoti moja tulikuta imeandikwa kwamba picha zilizotumika zilikuwa na "azimio la mita 30". Msomaji wa Tanzania, anayejua Azimio la Arusha la mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974, atashangaa ni mkutano gani ulioazimia mita 30. Kosa ni la wazi: mfasiri alifungua kamusi, akakuta neno moja la Kiingereza lina maana nyingi, akachukua ya kwanza.

Linalosemwa pale ni jambo rahisi, na lenye uzito mkubwa kwa mkulima mdogo. Picha ya setilaiti imefumwa kwa vipande vidogo vya mraba, na kila kipande kina rangi moja tu. Wataalamu huvitaja kwa jina la kigeni, pikseli. Sisi tunapendekeza "punje ya picha", na baada ya kutajwa mara ya kwanza, "punje" peke yake. Watu wa bonde la mpunga hawahitaji kufundishwa kwamba gunia ni punje nyingi, wala kwamba punje moja haionyeshi shamba zima. Huko kuitwa "azimio" nako tukuite "kipimo cha punje".

Neno likishakuwa jepesi, hesabu nayo huwa nyepesi. Punje ya Landsat ya sasa ina mita 30 kila upande, yaani mita za mraba 900. Eka moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Kwa hiyo shamba la eka moja lina punje nne na nusu tu, na kwa kuwa punje hazifuati mipaka ya mashamba, nyingi kati ya hizo zimechanganya mpunga wa huyu na matuta ya yule na njia ipitayo katikati. Punje ya Landsat ya kwanza ilikuwa na upande wa mita 80 hivi, zaidi ya eka moja na nusu, na kwa hiyo shamba dogo la miaka ya 1970 huenda lisionekane kabisa katika picha za wakati huo. Punje ya Sentinel-2 ina mita 10 kila upande, na eka moja hupata punje 40. Mtu aliyeelezwa hivyo ataweza kuuliza swali la maana mkutanoni: "Ramani hii punje yake ni ya ukubwa gani, na shamba langu lina punje ngapi?" Aliyeambiwa "azimio" atanyamaza.

Rangi na ukijani

Majani yaliyo hai hurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambayo jicho letu haliioni, uitwao infraredi. Ili wataalamu waione tofauti upesi, mara nyingi hupaka mwanga huo rangi nyekundu, na hivyo msitu mzito wa Udzungwa hutokea mwekundu kama damu. Picha za namna hii zimeandikiwa maelezo "rangi za uongo". Hatujui jinsi mtu atakavyoiamini ramani inayojitangaza kuwa ya uongo. Zaidi ya hayo, kwa watu wetu nyekundu ni rangi ya moto na ya hatari; atazamaye bila maelezo atadhani mlima umeungua. Tunapendekeza "rangi mbadala", na tunasisitiza kwamba maelezo ya rangi yawekwe juu ya ramani, yasifichwe pembeni.

Kutokana na mwanga huo na mwanga mwekundu hupatikana kipimo kinachoonyesha wingi wa majani mabichi, ambacho wataalamu hukitumia sana. Kwa kuwa tumekwisha kuzoea "fahirisi ya bei", hatuna sababu ya kutoiita hii "fahirisi ya ukijani". Neno hili lina fadhila moja: halidai zaidi ya linachokijua. Hupima ukijani basi. Muwa ni wa kijani, mpunga ni wa kijani, matete ni ya kijani, msaji nao ni wa kijani. Ripoti ikiandika kwamba "hali ya mazingira imeboreka" kwa sababu tu fahirisi imepanda, huenda inasifu shamba la miwa lililochukua mahali pa nyasi za sheshe.

Mfuniko na matumizi

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali la mzee. Wataalamu wa ardhi hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kile kilicho juu ya ardhi siku ya picha: maji, nyasi, miti, udongo, paa za nyumba. La pili ni kile ambacho watu wanaitumia ardhi hiyo kufanya: kulima, kulisha mifugo, kuvua, kuzika. La pili tumekwisha kuliita "matumizi ya ardhi", na jina hilo limekaa. La kwanza halijapata jina moja. Huyu huandika "uoto", ingawa maji na mapaa si uoto, na yule huyachanganya yote mawili chini ya "matumizi". Tunapendekeza "mfuniko wa ardhi". Mfuniko ni kitu kinachoweza kuondolewa na kurudishwa, na aonaye mfuniko hajaona kilichomo chunguni.

Tuchukue shamba moja la mpunga karibu na Ifakara na kulifuata mwaka mzima. Mwezi wa Aprili mfuniko wake ni maji yenye mimea. Mwezi wa Mei ni kijani kizito. Mwezi wa Juni ni manjano ya mpunga ulioiva. Mwezi wa Agosti ni mabua makavu, na Septemba huenda ikawa majivu. Mwezi wa Oktoba ni udongo. Mifuniko imekuwa mitano au sita. Matumizi yamekuwa moja tu, tena yana mwenyewe. Picha ya shamba la mzee, kwa kila dalili, ilipigwa kiangazi, kwa kuwa wakati huo ndipo anga huwa safi bila mawingu. Chombo hakikukosea, maana siku ile udongo ulikuwa hauna kitu juu yake. Aliyekosea ni yule aliyeandika "tupu".

Neno "tupu" halisemi tu kwamba hapana mmea. Nyumba tupu haina mtu. Mikono mitupu haina kitu. Ardhi tupu basi ni ardhi isiyo na mwenyewe, inayongoja wa kuichukua, awe mwekezaji au mhifadhi. Katika nchi ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazitambua haki za kimila hata pasipo hati, ramani haina mamlaka ya kuifanya ardhi kuwa tupu kwa neno moja. Wala asidhani mtu kwamba neno hili linawaumiza wakulima peke yao. Nyanda zilizoungua kiangazi nazo hutokea kama udongo mtupu, na kumbe baada ya majuma machache majani mapya yataota hapo, ambayo ndiyo malisho ya sheshe. Kwa hiyo ufunguo ule ule unaomfuta mkulima unamfuta na mnyama. Badala ya "ardhi tupu" tuandike "udongo usiofunikwa", na mbele yake mwezi na mwaka wa picha. "Udongo wazi" hatuupendekezi, kwa sababu nafasi wazi nayo ni nafasi inayongoja mtu.

Hali ni hiyo hiyo kwa neno "uharibifu". Setilaiti huweza kuonyesha badiliko la mfuniko: palikuwa na miti, sasa hapana. Kama badiliko hilo ni uharibifu, ni uamuzi wa sheria, wa elimu ya viumbe na wa maadili, na mwenye kuamua hana budi kujitaja na kutaja kipimo chake. Hatusemi neno hilo lisitumike. Miombo inapofyekwa kando ya vijito na maji yakapungua, tuuite uharibifu bila kumung'unya maneno. Tunasema tu kwamba lisichapwe katika ufunguo wa ramani kana kwamba mashine ndiyo iliyolisema. Kinyume chake nacho ni kweli: shamba la misaji likiandikwa "msitu" sawasawa na miombo, ramani itaficha hasara iliyopatikana.

Maneno yaliyofaulu, na moja la kuangaliwa

Isidhaniwe kwamba tumeshindwa kila mahali. "Ushoroba" ni ushindi mkubwa. Lilikuwa neno la kichochoro chembamba kipitacho kati ya nyumba; likachukuliwa kutaja njia ya wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, na mwaka 2018 mambo ya shoroba yalitungiwa kanuni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori. Bondeni Kilombero linatumika kwa njia ya tembo kati ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, njia inayopita katikati ya vijiji na mashamba ya upande wa Mang'ula. Neno hili limekubalika upesi kwa sababu linabeba mila ndani yake: kichochoro si mali ya nyumba moja, na mwungwana hakizibi. Lakini hata hapa tukumbuke kwamba setilaiti huonyesha kama miti ya ushoroba ipo. Kama tembo wanapita, wajuao ni wale wanaosoma nyayo na wale wanaokesha mashambani.

Tujivunie pia kwamba "miombo" na "mbuga" ni maneno ya kwetu yaliyopokewa na wanasayansi wa dunia, moja kwa misitu ya aina yake na jingine kwa nyanda za udongo mweusi unaotuama maji. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tumeiacha mbuga igeuke kuwa jina la hifadhi yoyote ya wanyama, tukabaki tunatafuta neno la kitu kile kile. "Ardhioevu" imeziba pengo, na ni neno pana lenye manufaa. Lakini mkulima anayelima mbuga hatajua kwamba ndiyo ardhioevu tunayoizungumzia mpaka tumwambie.

Neno la kuangaliwa ni "pori". Eneo lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero tangu mwaka 1952 lilipandishwa hadhi mwaka 2023, kwa mipaka mipya, kuwa Pori la Akiba, ambamo kilimo na malisho haviruhusiwi. Hayo ni majina ya kisheria, na si kazi yetu kuyageuza. Lakini pori kwa lugha ya kila siku ni mahali pasipo watu. Ramani itumiapo neno hili lazima iandike jina la kisheria kwa ukamilifu, ili msomaji ajue kwamba ametajiwa hadhi ya eneo wala hakuhadithiwa historia yake.

Hitimisho

Wataalamu wa utambuzi wa mbali wana desturi moja njema. Baada ya kuchora ramani huenda bondeni na kuangalia, mahali kwa mahali, kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Wengine huita desturi hiyo "ukweli wa ardhini", kana kwamba angani kuna uongo. Sisi tunaiita "uhakiki wa uwandani", kwa kuwa utafiti wa uwandani tumekwisha kuuzoea. Kosa letu waundaji wa istilahi ni kwamba desturi hiyo hatuifuati. Tunasanifu neno mezani, tunalichapa, na hatuliulizi tena.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, ramani yoyote ya setilaiti itakayotumika katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji iandikwe kwa Kiswahili, na ufunguo wake utaje mfuniko peke yake, pamoja na tarehe ya picha na kipimo cha punje. Pili, matumizi ya ardhi yaongezwe baada ya wenye ardhi kuulizwa, si kabla. Tatu, kabla ufunguo haujachapwa, usomwe kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na neno lolote litakalowafanya watu waulize "kwa nani?" lirudishwe mezani.

Tunawaomba wasomaji wetu wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge watuletee majina wanayoyatumia kwa hali mbalimbali za ardhi ya bonde: shamba lililofurika, lililovunwa, lililoachwa lipumzike, na nyanda zilizochomwa zikaanza kuota. Majina hayo yapo. Kwa kuwa hayakuwahi kuulizwa, nafasi yake katika ramani imechukuliwa na neno "tupu".